Mgeni wa Shanta Naye ni Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii sisi watu wa Mombasa tumeizoea hata tumesahau kuipima. Huisema harusini, huisema barazani, na kila ajapo mkubwa fulani kutoka bara humkaribisha kwayo. Nami nimeitumia mara nyingi, kwa ulimi na kwa kalamu. Mwaka jana methali hiyo ilinirudia usoni, na leo nataka kuwasimulia wasomaji aibu yangu, kwa kuwa naona si aibu yangu peke yangu.

Nilikuwa natoka Tanga kwa basi, baada ya kuwazuru jamaa zangu. Katika viti vya mbele yangu walikaa vijana wawili, kaka na dada, wanafunzi wa chuo huko Dar es Salaam, kila mmoja na shanta yake ya kubeba mgongoni. Walikuwa wakiufuata mwambao kwa njia ya nchi kavu. Wamekwisha kuona Bagamoyo na Pangani, sasa waja Mombasa, kisha waendelee Lamu. Hawakuwa na jamaa huku wala hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na daftari dogo lililoandikwa nauli, chakula na malazi, na mbele ya neno Mombasa wameandika shilingi 1,500 za Kenya kwa usiku mmoja, wote wawili.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa kilomita kama 65, njia yote ni lami. Hapo mpakani mambo siku hizi ni mepesi. Maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Msafiri hushuka mara moja tu, akagongewa muhuri wa kutoka, akapiga hatua chache akagongewa wa kuingia. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza, na huweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Mzungu mmoja tuliyekuwa naye, yeye alitakiwa aonyeshe kibali alichokiomba kwa mtandao kabla ya kuanza safari, kwani ndio utaratibu wa Kenya tangu Januari 2024. Naye pia hakukawia.

Tuliporudi garini yule binti alinigeukia akasema, "Mzee, mpaka wenyewe ni mwepesi kuliko tulivyotishwa."

Nikamjibu, tena kwa sauti ya kusikiwa na basi zima, "Mwanangu, huo si kitu. Ngoja ufike Mombasa. Kwetu mgeni halali njaa wala halali nje."

Basi njia yote, tangu Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda mpaka Likoni, nilikuwa nikiwapigia sifa za mji wetu. Tulivuka feri baada ya Isha. Tuliposhuka Mwembe Tayari nilikuwa nimechoka, na magoti ya mtu wa umri wangu hayapendi basi. Niliwanyooshea kidole tu: "Piteni mitaa ile, gesti ni nyingi, hamtakosa." Nikapanda tuktuk nikaenda kwangu, nikalala.

Asubuhi nikakumbuka kwamba nimesahau ndani ya basi kikapu changu cha machungwa ya Muheza. Nikarudi Mwembe Tayari kukitafuta. Tazama, ndugu msomaji: machungwa niliyakumbuka, wageni sikuwakumbuka. Nilipofika ofisi ya basi nikamkuta yule binti amelala juu ya benchi, shanta ameifanya mto, na ndugu yake ameketi chini macho mekundu, akimlinda.

Walikuwa wamekwenda mahali pane usiku ule. Pa kwanza bei ilikuwa mara tatu ya ile ya daftarini mwao. Pa pili waliulizwa wanataka chumba kwa saa ngapi. Pa tatu walikataliwa, kwa kuwa ni mwanamume na mwanamke wasio na cheti cha ndoa. Walisema ni ndugu wa tumbo moja, wasisadikiwe. Pa nne walipewa chumba ambacho mlango wake hauna komeo, wakaogopa. Kijana alijaribu msikitini, akaambiwa msikiti hufungwa baada ya Isha kwa sababu ya wezi; na hata lau ungefunguliwa, dada yake angekwenda wapi? Wakarudi walikoshukia, na mlinzi wa pale, Mungu amlipe, akawaachia benchi.

Yule binti hakunilaumu. Alisema tu, "Mpaka ulituchukua nusu saa, mzee. Chumba kimetuchukua usiku kucha."

Niliwachukua nyumbani. Mke wangu alipopata habari alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa gazetini. Lakini maneno ya yule binti yamenikaa moyoni, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Waama, sisi tumelia sana juu ya mipaka, na tulikuwa na haki. Mpaka huu tuuonao pale Lunga Lunga hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao kwamba mstari uanzie karibu na mdomo wa mto Umba, upande mmoja uwe wa hawa na upande wa pili uwe wa wale. Wadigo wakajikuta wako nchi mbili, na Vanga ikatengwa na jamaa zake wa Tanga. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni wakati huo. Namkumbuka marehemu baba akiketi ukumbini na barua mkononi: dada yake amekufa Tanga na amekwisha kuzikwa, naye hakuweza kwenda kumtilia mchanga. Kwa hiyo jumuiya mpya ilipotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wengine walihesabu mambo ya biashara, mimi nilimkumbuka baba.

Sasa mlango wa serikali mbili umefunguliwa. La kusikitisha ni kwamba milango yetu wenyewe ndiyo iliyofungwa. Mgeni mwenye fedha hana shida, kwani hoteli za Nyali na Diani zamngoja. Mgeni mwenye jamaa hana shida pia. Wa katikati je? Mwanafunzi, fundi, mwalimu aliyeweka akiba mwaka mzima aone Ngomeni na bandari ya kale kwa macho yake, mama aliyemleta mtoto hospitali kutoka Lunga Lunga, hawa walale wapi?

Msomaji atasema: gesti ziko. Ndiyo, ziko, na nyingine ni safi, zina watu waaminifu. Lakini kila mkaazi wa kisiwa hiki ajua kuwa nyingi za bei ya chini hazikuwekwa kwa ajili ya msafiri wa kulala. Mtu mwenye heshima yake hawezi kumpeleka binti yake huko. Na kati ya zile na hoteli za bei kubwa pana pengo, na pengo hilo ndilo walilotumbukia wageni wangu.

Zamani haikuwa hivi. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa sambuku, kila mmoja na chano cha chakula kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kusema huyu ni mgeni wangu. Mgeni huyo hakushukia kwingine ila kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa na kumnunulia. Mwaka huohuo akafika Mombasa yetu, akalala usiku mmoja, na hata katika usiku huo mmoja aliona visima milangoni pa misikiti na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia.

Nataka tuzingatie jambo moja katika habari ile ya Mogadishu. Ukarimu ule ulikuwa na hesabu ndani yake. Mwenyeji alimlisha mgeni, na mwenyeji akapata faida yake. Hakuna aliyeona aibu. Ndivyo ilivyokuwa hata hapa bandari ya kale, kaskazi ilipoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, na mabaharia wakangoja miezi mpaka kusi iwarudishe kwao. Mtu hawezi kukaa bure miezi yote hiyo. Palikuwa na mapatano, palikuwa na bei ijulikanayo, na palikuwa na heshima. Kwa hiyo wale wanaosema kumtoza mgeni fedha ya chumba ni kuvunja ukarimu wa Waswahili, naona hawakuusoma vizuri ukarimu wenyewe.

Hata dini yetu imeweka mpaka katika jambo hili. Mwalimu wetu chuoni alitufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, tena si halali kwa mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji dhiki. Sisi Mashafii twajua pia kwamba msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, basi kupunguza Sala kwake kumekwisha. Wahenga nao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hesabu hizi zakaribiana, wala si bahati. Lakini tusisahau upande wa pili: katika wale wanane wanaostahili zaka waliotajwa katika Surat Tawba, mmoja ni mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa. Hakuulizwa anatoka wapi.

Najua watakaonipinga. Watasema: nyumba zetu zina wake na mabinti, vipi tumwingize mtu tusiyemjua? Ni hoja nzito, na anayeidharau si mtu wa mwambao. Lakini wazee wetu waliijibu kwa mawe na chokaa. Katika zile nyumba kubwa za kale za Lamu na Pate, ukipita daka wakuta sabule, chumba cha mgeni kilichowekwa karibu na mlango, mbali na ndani. Mgeni aliweza kuja, akalala, akala, akaondoka, wala asimwone mtu wa ndani. Yaani mjenzi alipochora nyumba, kabla hata mwenyewe hajahamia, mgeni amekwisha kuhesabiwa. Sisi tumehifadhi neno karibu, tumekipoteza chumba chake.

Watasema tena: siku hizi kuna hatari, hujui nani amebeba nini. Kweli. Lakini hatari hupungua mgeni anapojulikana, na huzidi anapojificha. Mgeni aliyeandikwa kitabuni kwa jina na namba ya pasi, anayeamkiwa na majirani na kujulikana na mzee wa mtaa, ni salama kwetu na kwake kuliko aliyelipa kwa saa bila ya kuulizwa jina.

Na wa tatu watasema: vijana wa shanta hawana faida, watakao faida na waende kwa watalii wa kweli. Hapa nakataa kabisa. Mtalii wa hoteli kubwa hula humo, hunywa humo, na huletwa Mji wa Kale kwa basi akapiga picha mlango wa Ngomeni akaondoka. Kijana wa shanta asubuhi atanunua mahamri na mbaazi kwa mama wa mtaani, mchana atakula biriani mkahawani, jioni viazi karai na kahawa ya madele. Atashonewa kanzu, atanunua kofia, atapanda tuktuk. Fedha yake ni ndogo, lakini yote hulala mtaani.

Siku hizi wako wanaokodisha vyumba kwa njia ya simu, na baadhi ya nyumba za kwetu zimeingia huko. Siwalaumu. Ila mara nyingi mwenye nyumba hakai hapo, ufunguo huachwa kwa mlinzi, na bei hupangwa kwa mtu wa dola. Hapo pana chumba, lakini hapana mwenyeji.

Wenzetu wameweza. Lamu zipo nyumba za kale zilizofanywa za wageni, watu wakalala juani kwenye dari chini ya makuti kwa bei ya kadiri. Mji Mkongwe wa Unguja vilevile. Na tukitaka mfano wa karibu zaidi, tutazame barabara ya Nairobi. Pale Makindu pana hekalu la Makalasinga lililojengwa 1926. Msafiri yeyote, awe wa dini gani, hula pale na hulazwa bila ya kudaiwa, na atoapo hutoa kwa hiari. Wangapi katika sisi tumesimama Makindu tukanywa chai yao? Je, katika njia nzima kutoka Lunga Lunga hadi Lamu, Waislamu tuna mahali pa namna hiyo ambapo Kalasinga aliyekatikiwa angekaribishwa?

Ulaya nako jambo hili lilianza kwa mtu mmoja tu, tena mwalimu wa shule. Mwaka 1909 Richard Schirrmann wa Ujerumani alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, wakashikwa na tufani, wakajibanza ndani ya jengo la shule. Usiku ule akawaza kwa nini kusiwe na mahali pa kulala kwa vijana wasio na fedha. Mwaka 1912 akafungua nyumba ya namna hiyo ndani ya ngome ya kale ya Altena, na kutoka hapo zikaenea dunia nzima. Sisemi vitanda viwekwe Ngomeni. Nasema kuwa wazo kubwa lilitokana na usiku mmoja wa mvua, na sisi tumepata usiku mmoja wa benchi.

Basi nashauri hivi. Kwanza, Mji wa Kale una nyumba kubwa, tangu Kibokoni mpaka Kuze na Mkanyageni, ambazo watoto wamekwenda Uarabuni na Uingereza, amebaki bibi mmoja na mjukuu. Nyumba zinavuja, boriti zinaoza, na kila mwezi hupita dalali akibisha hodi. Chumba kimoja cha mbele, chenye kitanda safi, chandarua, komeo la ndani na bei iliyoandikwa ukutani, chaweza kulipa chokaa na fundi. Na dada wa watu asafiriye peke yake atapata usalama gani kupita nyumba ya bibi?

Pili, serikali ya kaunti iweke leseni ndogo kwa chumba kidogo. Mwenye vitanda viwili asilinganishwe na mwenye vitanda mia mbili. Masharti yawe machache na yafuatwe: usafi, kitabu cha majina, hakuna kukodisha kwa saa.

Tatu, wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na nyumba. Tume ya Wakfu iko hapahapa Mombasa. Miongoni mwa matajiri wetu, hakuna mmoja wa kuweka wakfu nyumba moja tu ya mwana wa njia, upande mmoja wanaume na upande mmoja wanawake, siku tatu kwa kila msafiri? Misikiti tunayo mingi, na twaendelea kujenga, alhamdulillahi. Lakini huyu atakayesali Isha humo, baada ya milango kufungwa, tumempeleka wapi?

Na la nne halihitaji leseni wala wakfu. Ukiwa umekaa basini na mgeni, ukamsifia mji wako saa tatu nzima, mkifika usimnyooshee kidole. Mshike mkono umfikishe mlangoni. Haya najiambia mwenyewe kwanza.

Wageni wangu walikaa siku tatu. Walitembea Ndia Kuu, wakaona msikiti wa Mandhry, wakashuka bandari ya kale. Machungwa ya Muheza tuliyala sote. Siku ya nne wakaenda zao Lamu, na jioni yake yule binti akaniandikia kwa simu kuwa wamepata chumba katika nyumba ya kale, bei ileile ya daftarini, na kwamba mwenye nyumba kabla ya kuwauliza pasi aliwauliza kama wamekula.

Nami, kwa kuwa mazoea yana taabu, nafunga kwa ubeti mmoja:

Mgeni ajapo hodi, mfungulie mlango,
Akupe yake nakidi, bei iwe ya kiwango,
Adabu iwe shahidi, heshima ndiyo mpango,
Kwao atakaporudi, atalitaja jinalo.